TIMU YA TABORA ILIKUWA YA NANI?



Mwaka 2025 jina la Tabora liliondoka katika Ligi Kuu ya mpira wa miguu ya Tanzania Bara. Halikuondoka kwa kushindwa uwanjani, maana timu haikushuka daraja. Timu iliyokuwa ikiitwa Tabora United ilipata mwenyewe mpya, na msimu wa 2025/26 ulipofunguliwa ikaitwa TRA United, kwa jina la Mamlaka ya Mapato. Yote yalimalizika kwa karatasi na muhuri.

Hapa Kaliua habari ile ilipokewa namna gani? Watu waliisikia, wakatikisa vichwa, kisha wakarudi katika mabishano yao ya kila siku juu ya Simba na Yanga. Hatukusikia mtu aliyeitisha mkutano. Hatukuona hata barua moja iliyoletwa katika ofisi hii, na barua huletwa hapa kwa mambo madogo sana, kama mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Ndilo jambo tunalotaka kulisema leo, nasi tutalisema wazi.

Wako watakaouliza, gazeti la chama lina nini na kabumbu? Jibu letu ni fupi. Kila aliyewahi kuzunguka vijijini kufungua matawi anajua shida ya kumfanya mwananchi atoe shilingi kwa hiari yake kwa ajili ya kitu cha wote. Mpira ni moja ya mambo machache ambayo mtu hulipia bila kushurutishwa, na bado akapiga makofi. Kama katika jambo hilo nalo hatuna chetu, basi kuna kasoro inayohitaji kutazamwa.

Kwanza tuwakumbushe wasomaji timu hiyo ilikotoka, kwa kuwa wengi wamekwisha kusahau. Jina lake la zamani lilikuwa Kitayosce, na halikuzaliwa Tabora; lilizaliwa Kilimanjaro. Timu ilihamia kwetu, ikacheza daraja la pili kwa ukubwa, na mwaka 2023 ikapanda Ligi Kuu pamoja na JKT Tanzania. Mwaka ule ule Mashujaa ya Kigoma nayo ikapanda kwa kupitia mchujo, ikiitoa Mbeya City. Basi reli yetu ikawa na timu mbili za Ligi Kuu, moja Tabora na moja Kigoma, nasi Kaliua tukiwa katikati. Jambo la namna hiyo mzee wa hapa hakulitazamia.

Mechi ya kwanza ilikuwa aibu. Tarehe 16 Agosti 2023, huko Chamazi, Dar es Salaam, timu iliingia uwanjani kupambana na Azam ikiwa na wachezaji 8 tu. Wenzao walikuwa wamesajiliwa lakini hawakuwa na vibali vya kucheza. Azam wakafunga magoli 4, na matatu kati ya hayo alifunga Feisal Salum, kabla kipindi cha kwanza hakijafika mbali. Kisha wachezaji wengine wakashindwa kuendelea, idadi ikashuka chini ya wale 7 wanaotakiwa na sheria, na mwamuzi akavunja mchezo. Nchi nzima ilicheka. Sisi hatukucheka, maana tulijua jina gani lilikuwa linachekwa.

Hata hivyo timu ile haikufa. Msimu huo wa 2023/24 Yanga walichukua ubingwa wao wa 30, na Mtibwa Sugar na Geita Gold wakashuka. Tabora United ikaangukia katika mchujo, ikapambana na Biashara United ya Mara, ikabaki. Timu iliyoanza mwaka na watu 8 ikaumaliza ikiwa bado Ligi Kuu. Vijana wale walistahili kupokewa stesheni kwa ngoma.

Tuje sasa katika msimu wa 2024/25, maana ndio tunaoutaka hasa. Ulianza vibaya: tarehe 18 Agosti 2024 Simba waliifunga Tabora United 3 kwa 0. Lakini tarehe 7 Novemba mwaka ule, huko huko Chamazi palipotokea aibu ya kwanza, Tabora United iliwafunga Yanga 3 kwa 1. Yanga walikuwa mabingwa wa nchi! Offen Chikola alifunga mawili na Salum Chuku moja. Siku chache kabla ya hapo Yanga walikuwa wamefungwa na Azam 1 kwa 0, na haikupita muda mrefu baada ya kipigo cha Tabora wakaachana na kocha wao, Miguel Gamondi, tarehe 15 Novemba. Mji wa wafalme wa njia ya misafara, mji uliokalia mkutano wa TANU wa Januari 1958 na kuutoa uamuzi wa kuingia katika kura tatu, ulikuwa umeitikisa Dar es Salaam kwa mara nyingine.

Na usiku ule Kaliua ilikuwaje? Katika vibanda umiza palikuwa na makundi mawili. La kwanza lilinyamaza kama msiba, nao ni Wanayanga. La pili lilishangilia mpaka mabati yakalia, nao ni Wanasimba. Walishangilia kwa kuwa Yanga amefungwa. Tulimtafuta aliyeshangilia kwa kuwa Tabora imeshinda, nasi tukawapata wachache sana, wengi wao watoto.

Hatuwatukani mashabiki wa klabu hizo mbili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, wakati ambapo Mwafrika wa mjini alikuwa na mahali pachache pa kukutana na mwenzake bila kuulizwa na askari. Simba wakati ule haikuitwa Simba. Ilipata kuitwa Sunderland, jina la mji wa Uingereza, na haikulibadili mpaka mwaka 1971. Klabu hizo zilijengwa na watu wa kawaida kwa ada zao, makuli, makarani na wavuvi, na kwa sababu hiyo zina mizizi. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965 zilikuwa tayari zimekomaa. Baba alimrithisha mwana, mwana akahamia Kaliua kulima tumbaku, akaja na Yanga yake kama alivyokuja na jembe lake. Hiyo ni haki yake.

Lakini tazama jambo moja. Ligi ya timu 16 humpa kila mmoja mechi 30, yaani 15 nyumbani. Kati ya hizo 15, Simba na Yanga huja mara moja moja, jumla mbili. Siku hizo mbili uwanja wa Ali Hassan Mwinyi hujaa, na wengi wa waliojaa huvaa jezi ya mgeni. Mechi 13 zilizobaki, na ndizo zinazoamua timu ibaki au ishuke, viti vinahesabika. Mwenye timu anayekaa mlangoni akihesabu tiketi atajifunza nini? Atajifunza kwamba mkoa huu hauna watu wa timu yake, bali una watu wa wageni wake. Na akija mnunuzi akataka kubadili jina, ataogopa nini?

Tulipata kushuhudia jambo la kushangaza zaidi mwezi Machi 2025. Mechi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 iliahirishwa siku ile ile, baada ya Simba kugoma kwa madai kwamba walizuiwa kufanya mazoezi katika uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Mechi haikuchezwa mpaka tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2 kwa 0 na kuchukua ubingwa wa 31. Kwa miezi mitatu na nusu hapa kwetu watu walijadili kanuni za ligi kama mawakili. Mtu asiyejua mpaka wa shamba lake alijua kifungu cha kanuni. Jina la timu ya mkoa lilipobadilishwa muda mfupi baadaye, mawakili wote wakawa wamekwenda likizo.

Sasa tuwe waadilifu kwa upande wa pili. Mchezaji ni mfanyakazi, naye hula, hulipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto. Taasisi yenye uwezo wa kulipa mishahara kwa wakati ni bora kuliko klabu inayoingia uwanjani na watu 8. Hatuna ugomvi na wenye timu mpya, nao hawakuvunja sheria yoyote tunayoijua. Tena si wao tu. Tazama orodha ya timu 16 za msimu wa 2023/24, uhesabu. Ziko za majeshi na magereza: JKT Tanzania, Mashujaa, Tanzania Prisons. Ziko za viwanda vya sukari: Kagera na Mtibwa. Ziko zilizolelewa na halmashauri za miji: KMC ya Kinondoni, Dodoma Jiji, Geita Gold. Iko Azam, ya kampuni. Ukizitafuta zile ambazo mwanachama wa kawaida ana kadi na sauti, utabaki na Simba, Yanga, Coastal Union ya Tanga, na baada ya hapo kidole chako kitaanza kusitasita.

Na majina yamekuwa kama misafara. Ihefu ilitoka Mbarali, mkoani Mbeya, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Timu nyingine iliyokuwa ikibeba jina la Singida ikawa Fountain Gate, ikaenda kuchezea Babati, Manyara. Mwananchi wa Mbarali aliyejifunza kuipenda Ihefu alilala akiwa na timu, akaamka hana. Kwa hiyo lililotupata Tabora limewapata wengine, na litaendelea kuwapata wengine kadiri timu zinavyokuwa mali ya mtu au ofisi, huku watu wa mahali wakibaki watazamaji tu.

Wala hii si mara ya kwanza kwa Tabora kupoteza nafasi yake. Wazee wanaikumbuka Milambo, timu iliyochukua jina la mtemi wa Urambo, ambayo iliwahi kucheza ligi ya juu. Vijana wanaikumbuka Rhino Rangers, iliyopanda na kucheza msimu wa 2013/14, ikashuka msimu ule ule pamoja na Ashanti United na JKT Oljoro. Kila mara tuliambiwa, subirini, itakuja nyingine. Kweli imekuja nyingine, nayo imeondoka. Na mtu asituambie kwamba mikoa haiwezi. Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa mwaka 1975. Tukuyu Stars, kutoka mji mdogo wa Rungwe wenye mvua na migomba, ilikuwa bingwa mwaka 1986, tena ikiwa ndiyo kwanza imepanda. Coastal Union ilikuwa bingwa mwaka 1988.

Tuliposema njia ya misafara hatukusema kwa kupamba maneno. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, watu wa Unyamwezi walikuwa ndio wapagazi mashuhuri wa nchi hii. Walibeba pembe mabegani kutoka Ujiji na Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakarudi na nguo na ushanga. Bei ya pembe ilipangwa pwani na Zanzibar, na aliyeibeba hakuulizwa. Mtemi Mirambo alikataa mpango huo. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, akaifunga njia ya kwenda Ujiji, akataka kila anayepita katika nchi yake alipe hongo. (Kwa vijana: hongo wakati ule lilikuwa neno la ushuru wa njia. Uchafu tunaouita hongo leo umekuja kulivaa jina hilo baadaye.)

Tazama mzigo wa leo. Offen Chikola, yule aliyewafunga Yanga mabao mawili, mwaka 2025 alichukuliwa na Yanga hao hao. Hatumlaumu hata kidogo. Kijana yeyote mwenye akili angekwenda, nasi tunamtakia heri. Tunachouliza ni swali la Mirambo: anapopita mchezaji kutoka huku kwenda pwani, au kutoka pwani kwenda ng'ambo, hongo ya njia iko wapi?

Hongo hiyo ipo, ndugu zetu, nayo imeandikwa katika sheria za mpira wa dunia! Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, sehemu 5 katika kila 100 za bei yake zigawiwe klabu zilizomlea tangu alipokuwa na umri wa miaka 12 hadi 23, kila klabu kwa miaka aliyokaa nayo. Haisemi klabu kubwa wala klabu ya mjini. Inasema klabu aliyosajiliwa. Timu ya daraja la chini kabisa, ikiwa imeandikishwa na imemwandikisha kijana, ina haki sawa na timu yenye uwanja wa nyasi na taa.

Sasa njoo Kaliua jioni yoyote, baada ya kazi za shamba. Utaona chandimu kila penye nafasi: nyuma ya stesheni, kando ya mabani ya tumbaku, katika uwanja wa shule uliobaki nusu kwa sababu nusu nyingine imeota vibanda. Mpira ni wa makaratasi na nailoni iliyofungwa kwa kamba. Kipindi cha masoko ya tumbaku, fedha zikiwa mkononi, hutokea tajiri akaweka mbuzi, na vijiji vikashindania mbuzi huyo kwa ukali kuliko watu wanavyoshindania kombe la dhahabu. Tumeona huko wachezaji ambao hatuoni haya kuwasifu. Lakini mwulize kiongozi wa timu: kijana huyu amesajiliwa wapi? Amezaliwa lini? Amekuchezea tangu mwaka gani? Atakujibu kwa kucheka. Basi kijana huyo akichukuliwa kesho, akafika Dar es Salaam, akauzwa Afrika ya Kaskazini au Ulaya, Kaliua haitapata hata senti tano ya hongo, kwa kuwa kwa upande wa karatasi Kaliua haikumlea. Atakuwa ameota kama uyoga.

Wapo waliotuletea rai kwamba kila kilo ya tumbaku inayouzwa ikatwe kidogo kupitia vyama vya msingi, fedha hizo zinunue timu ya Ligi Kuu iitwe jina la wilaya. Rai hiyo tunaikataa. Mkulima wa tumbaku amekwisha kukatwa vya kutosha: mbolea, mbegu, mkopo, ushuru, na makato mengine ambayo hata karani husitasita kuyaeleza. Kumkata tena bila kumwuliza ni kumrudisha kwenye mpango ule ule wa timu isiyo yake. Tena timu ya kununuliwa huuzwa tena, hilo tumeliona kwa macho yetu.

Sisi tunashauri jambo dogo zaidi na lenye taabu zaidi. Iwepo klabu ya wanachama, yenye kadi na ada, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu. Tufanye hesabu ya darasani. Watu 1,000, kila mmoja akitoa Sh. 500 kwa mwezi, ni Sh. 500,000, kwa mwaka ni Sh. 6,000,000. Fedha hizo haziendeshi timu ya Ligi Kuu, na atakayewaambia zinaendesha ni mwongo. Lakini zinanunua mipira ya kweli, zinalipa waamuzi wa ligi ya wilaya na nauli ya treni ya timu, na zinaandikisha vijana. Mkataba wa televisheni uliotiwa sahihi mwaka 2021 kati ya wakuu wa mpira na Azam ulikuwa wa Sh. bilioni 225.6 kwa miaka 10. Mto huo wa fedha hautafika Kaliua kwa kusubiriwa. Mto hufuata mfereji, na mfereji wa mpira ni usajili.

La pili ni ardhi. Wilaya ya Kaliua ilipokatwa kutoka Urambo, viwanja vingi vya ofisi vilipimwa upesi, na viwanja vya kuchezea vikaachwa kwa kudhaniwa kuwa kila mtu anajua ni vya kuchezea. Kila mtu anajua mpaka siku mmoja anapoleta matofali. Tunaitaka halmashauri ipime na kuandika viwanja hivyo, kata kwa kata, na ramani ibandikwe mahali pa kusomeka. Diwani atakayeomba kura bila kujua ukubwa wa uwanja wa kata yake, mwulizeni.

Tunajua litakalosemwa: kwamba haya ni mambo ya watoto, na kwamba mwenye Simba na Yanga hahitaji kitu kingine. Sisi hatumwambii mtu aivue jezi yake. Mtu anaweza kuipenda Yanga ya Dar es Salaam na bado akawa na kadi ya timu ya Kaliua, kama anavyoweza kuwa na ndugu pwani na shamba huku. Tunachokataa ni mtu kuwa na ndugu pwani tu, halafu akalalamika kwamba huku hana shamba.

Kwa hiyo tunawataja makatibu wa timu za mchangani za Kaliua mjini, Ushokola, Usinge, Igagala na Ulyankulu, bila kungoja agizo la mtu yeyote: nunueni daftari gumu. Mwandikeni kila kijana aliyetimiza miaka 12, jina lake la cheti cha kuzaliwa, tarehe, shule anakosoma, na siku aliyoanza kuwachezea. Walimu wenye kumbukumbu za UMITASHUMTA wawasaidie. Kisha nendeni katika chama cha mpira cha wilaya mkaulize utaratibu na gharama za kuandikisha timu, nanyi mtakapojibiwa tuleteeni jibu hilo katika ofisi hii, tulichapishe kama lilivyo. Fanyeni haya kabla mvua hazijashika, maana miche ikianza kutoka kitaluni hakuna Mkaliua atakayeonekana mjini mpaka tumbaku iingie bani.